Futi Tano kwa Sita

Miaka kumi na tisa tumelalia sufi,
sufi ya mti wa nyuma ya nyumba, hapa Vitongoji.
Mama aliichambua mwenyewe, kokwa kwa kokwa,
akaishindilia kwenye kitambaa cha mistari
wiki tatu kabla ya harusi yangu.
Sasa godoro limekuwa bonde katikati, vilima pembeni,
na usiku tunaporomoka, mimi na Shaame,
tunagongana magoti kama viazi ndani ya pakacha.

"Kuna kitu kinanichoma ubavuni," kasema Shaame
mwaka wa kwanza, mwaka wa tano, mwaka wa kumi na mbili.
Nikamwambia ni uzee. Nikamwambia ni dhambi.
Siku nyengine, hasira zimenipanda,
nikamwambia ni mbavu zake, zimechoka naye.

Lakini mgongo wangu nao ukaanza maneno.
Kutwa nimeinamia mwani,
nikirudi nalala shimoni,
asubuhi nanyooka kidogo kidogo, kama mkeka mpya.

Basi tukahesabu.
Laki moja na nusu za mwani,
elfu sitini za Shaame, za kupaka chokaa.
Tukaenda Chake, dukani kwa Haroub.

Kwanza katuonesha la springi.
Nikalibonyeza, likanirudishia mkono
kama mtoto asiyetaka kushikwa.
Laki saba. Nikaliomba radhi.
Kisha sponji la inchi nne, elfu tisini,
laini kama boflo lililochovywa chai.
Nikaweka kiwiko, kikafika ubaoni.
"Wateja wote hubonyeza kwa kiganja," kasema Haroub.
Nikamjibu, "Sisi hatulali kwa kiganja, mwanangu."

Nikavua kandambili.
"Mize," Shaame kaninong'oneza, "watu wanapita!"
Wapite. Nikapanda la inchi nane,
nikalala kwa ubavu, kama nilalavyo kwangu,
mkono chini ya shavu, buibui nimejifunika miguu.
Nyonga ikazama kidogo. Kiuno kikashikwa.
Nikasema nihesabu mpaka kumi.

Niliposhituka, alasiri inaadhiniwa.
Shaame kakaa juu ya kigoda,
kandambili zangu mapajani,
anawapungia wateja mkono waseme polepole.

Bei laki mbili na arubaini.
Haroub kacheka mpaka kashika mlango:
"Aliyekoroma dukani kwangu si mgeni tena.
Leteni mbili na kumi na tano."
Tulikuwa na mbili na kumi. Elfu tano akaandika.

Likaja nyumbani juu ya gari la ng'ombe,
limefungwa kwa kamba zangu za mwani.

La zamani nikalifumua nipate mito ya watoto.
Sufi ikaruka, tukapiga chafya chumba kizima.
Na upande wa Shaame, usawa wa ubavu,
ikatoka shazia ya mama,
imeshika kutu, uzi bado tunduni.
Ile aliyoitafuta mpaka chini ya vyungu,
akamshuku Bi Tumu wa jirani,
wakanuniana hadi mwezi wa Ramadhani.

Shaame kaishika, kaigeuza juani.
Nikasubiri miaka kumi na tisa inimwagikie.
Kauliza tu, taratibu:
"Mama yako, hivi, alinipenda?"

Usiku wa kwanza hatukupata usingizi.
Hakuna bonde. Hakuna wa kuporomoka.
Kila mmoja kabaki pale alipowekwa
kama vikombe vya wageni kabatini.
Usiku mkubwa nikasikia, "Mize, upo?"
"Nipo."
"Mbona mbali?"
"Futi tano hizi, Shaame. Tumezilipia."
Kanyamaza kidogo.
Halafu chaga zikalia, moja baada ya moja,
anakuja.